Ng'ombe Tuliyempa Mwekezaji

Kwetu chai haikorogwi. Chai inapikwa. Maji, maziwa, majani na sukari huingia sufuria moja, vikachemka mpaka vikataka kumwagika, vikashushwa, vikapandishwa tena, na chai ikifika kwenye kikombe kila kitu kimeshaelewana. Mtu akikuomba kijiko cha kukorogea unajua ni mgeni, au umemnyima sukari. Kwa hiyo siku tuliposikia kwamba serikali ya kaunti imetupatia kiwanda cha kutengeneza vijiti vya kukorogea chai, mama alicheka hadi akaiweka chini ndoo ya maziwa. Alitaka kujua kama kitakachofuata ni kiwanda cha kututafunia ugali.

Vijiti vyenyewe, tulielezwa, si vya kwetu. Ni vya ng'ambo, vya mahoteli na ndege, huko ambako chai huletwa mezani ikiwa mbichi, maji kando, maziwa kando, kila mtu ajimalizie mwenyewe. Hutengenezwa kwa mti, na miti tunayo. Kijiji chetu kiko pale majani chai yanapoishia na mahindi kuanza, kwenye mteremko wa kuelekea Sigor, na kila mwenye kipande cha shamba amepanda mikaratusi mpakani ili jirani asisahau mpaka uko wapi. Mwekezaji aliiona mikaratusi hiyo akipita na gari, akauliza ni ya nani. Mapenzi yakaanzia hapo.

Na kaunti ilimpenda kweli. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu chuo cha Kabianga, masomo ya biashara, ambako tulifundishwa muhula mzima jinsi serikali zinavyoshindana kuwavuta wenye mitaji kwa misamaha ya kodi na ardhi ya bure. Kwenye mtihani niliyaandika vizuri sana. Lakini kusoma habari za uchumba si sawa na kuona mtu akichumbiwa mlangoni kwako. Huyu bwana alisamehewa ushuru wa kaunti kwa miaka kadhaa. Leseni alisamehewa. Miti yake ingepita vizuizini bila kulipiwa. Barabara yetu, ambayo kila mvua iliigeuza uji, ililetewa greda na kokoto. Nguzo za umeme, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zimechoka zikasimama kwa chifu, zilipata nguvu zikatembea mpaka kwetu. Kisha akachimbiwa kisima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wakubwa, na sisi wenyeji tukakaa kusubiri kupona.

Mama huuza kabeji na maziwa lala katika soko la Sigor. Kila siku ya soko askari wa kaunti humfikia kabla hajamaliza kutandika gunia, akamkatia risiti ya ushuru, auze asiuze. Jioni moja akiwa anakamua aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, mtu hufanyaje mpaka aitwe mwekezaji. Nikamwambia ni lazima atoke mbali na alete mtaji. Akafikiri kidogo. Akasema basi soko lijalo atazunguka na kabeji zake hadi Mulot, apande lori la mahindi, aingie Sigor kutoka upande wa Narok akiwa amevaa miwani ya jua, tuone kama hawatamwimbia. Aliirudia hadithi hiyo kwa kila jirani, na kila aliporudia lori lilizidi kuwa kubwa.

Baba hakucheka. Yeye alikuwa na sababu. Kiwanja pekee kilichokuwa tambarare, karibu na barabara na kisicho na mwenyewe mmoja, kilikuwa kiwanja cha josho, pale kijiji kizima kilipoogesha ng'ombe dawa ya kupe. Kiwanja hicho kilitolewa na wazee wa zamani kwa ajili ya watu wote, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya josho. Ni cheo kisicho na mshahara wala ofisi, lakini baba anakibeba kama ubunge. Ana koti lake la kamati. Ana fimbo yake ya kamati. Mama husema ana hata kikohozi cha kamati, ambacho hukianza akikaribia mahali penye watu wengi.

Basi baraza likaitwa pale pale joshoni. Afisa wa biashara kutoka kaunti alisimama akaeleza kwamba mwekezaji atapewa likizo ya kodi. Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza kama kodi nayo huchoka. Mwingine akauliza kwa nini anayesamehewa ni mwenye gari, na aliye na mbuzi wawili hapewi hata salamu. Afisa alikuwa mtu wa huku huku kwetu, kijana mzuri, lakini alikuwa amezoea kuongea na watu walio na chupa ya maji mbele yao, na maelezo yake yalikuwa yanaogelea. Hapo baba akakohoa kile kikohozi chake, akasimama.

Aliuliza kwa Kipsigis, nami nayaleta kwa Kiswahili. Alisema, "Kama nimekuelewa, mnampa ng'ombe akamue, lakini ng'ombe anabaki kuwa wetu. Hiyo si kimanagan?"

Kimanagan ni desturi yetu ya zamani, na wapo wanaoifuata hadi leo. Una ng'ombe, rafiki yako hana, au malisho yako yamebana na yake ni mazuri. Unampa ng'ombe mmoja amtunze. Maziwa anakunywa yeye na watoto wake, samadi ni yake. Lakini ng'ombe ni wako, na ndama ni wako. Wakati wowote unaweza kwenda kumwona ng'ombe wako bila kupiga hodi mara mbili, na hunyimwi maziwa. Na akifa mikononi mwa mtunzaji, mtunzaji hakutumii maneno matupu. Anakuletea ngozi, uione kwa macho yako.

Afisa alitazama juu. Mawingu ya upande wa Kericho yalikuwa yameshavuka kilima, na mvua ya kwetu ikianza safari huwa haighairi. Akasema ndiyo, mzee, hasa, ni kitu kile kile. Watu wakapiga makofi. Hatimaye serikali ilikuwa imesema jambo linaloeleweka.

Asiyepiga makofi alikuwa mama mmoja, jirani yetu, mjane mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale na maneno machache kuliko wote. Josho la pili liko ng'ambo ya mto, mbali, na njia yake mvua ikinyesha hata mbuzi huikataa. Alisema yeye hakubali. Kiwanja kikienda kimekwenda, alisema, hajawahi kuona serikali ikirudisha kitu isipokuwa makosa. Na kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha wote, hapana yake ilitosha kukwamisha mambo. Matone yakaanza. Baba akainama, akang'oa nyasi pale penye ukingo wa josho, akampelekea mkononi. Kwetu nyasi hazing'olewi ovyo ovyo mbele ya watu. Ni amani na ni kiapo. Akamwambia kwamba ng'ombe huyu atarudi, na asiporudi amdai yeye, si kaunti. Yule mama alizitazama zile nyasi, akazifunga kwenye ncha ya leso yake, akaenda zake nyumbani. Hivyo ndivyo baba alivyoiweka heshima yake rehani kwa ajili ya vijiti vya chai ambayo hatunywi.

Kiwanda kikajengwa, mabati ya buluu yanayoonekana hadi ng'ambo ya bonde. Mimi nikapata kazi ya mapokezi. Mwekezaji mwenyewe alikuwa mtu mpole wa Nairobi, mwenye viatu vyeupe ambavyo tope letu lilivichukia tangu siku ya kwanza. Hakuwa na makuu. Aliwasalimia wafagiaji, na handaki la zamani la josho hakulifukia. Aliliona lina saruji imara, akalijaza maji ili alowekee magogo kabla ya kuchongwa. Nilianza kazi nikiwa na sketi mpya na tabasamu nililojifunza Kabianga.

Haukupita mwezi, askari wa lango akanipigia simu ya ndani. Alisema kuna wazee wamefika, wana fimbo, hawataki kazi, hawauzi miti, na hawaombi mchango. Nikauliza wanataka nini basi.

Akasema, "Wanasema wamekuja kuona ng'ombe yao."

Nilitamani meza ya mapokezi initie tumboni. Nilitoka nje nikamkuta baba, koti la kamati limefungwa vifungo vyote, na kamati nyuma yake kwa mpangilio wa umri. Alinipita kana kwamba hanijui, maana mwenye ng'ombe haongei na mhudumu. Mwekezaji akatoka ofisini. Nikajaribu kumweleza haraka haraka kwa sauti ya chini, nikachanganya kimanagan na ziara ya wadau, na yeye akashika hicho cha wadau, akafurahi sana. Alisema karibuni wazee, karibuni.

Akawatembeza. Baba alikagua kile kiwanda jinsi anavyokagua mtamba sokoni Mulot. Aliinama chini ya mashine akatazama miguu yake. Aliuliza inakula nini, inakunywa kiasi gani, na kama usiku inalala ndani. Mashine ya kuchonga ilipotoa vumbi alirudi nyuma akasema ina kikohozi, ipewe dawa. Mwishoni wakaletewa chai, na hapo uso wake ukalainika, kwa sababu mtunzaji asiyenyima maziwa ni mtunzaji mwema. Kila mzee akapewa na pakiti ya vijiti. Mama alivitumia kuegemezea miche ya nyanya. Nyanya zilinyooka vizuri mwaka ule, hilo siwezi kulikana.

Walikuja tena, na tena. Nilimwomba baba nyumbani aache, nikamwambia kwamba wafanyakazi wenzangu wananiita mtoto wa mwenye ng'ombe. Baba huniita kogo, yaani bibi au nyanya, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na neno hilo humpa ugumu anapotaka kunigombeza. Siku ile hakugombeza. Aliniuliza tu, "Kogo, ukimpa mtu ng'ombe halafu usiende kumwona, huyo ng'ombe ni wa nani?" Nilitazama cheti changu cha biashara ukutani, kisha nikaenda kuosha vikombe.

Ajabu ni kwamba mwekezaji aliyazoea. Kamati ikikawia, alinipitia mezani akiuliza wazee wako wapi, au amewakosea. Alijifunza kunywa chai yetu iliyopikwa, ingawa aliikoroga kwa kijiti chake, nadhani kwa uaminifu tu wa kazi. Aliponiuliza siku moja kimanagan ni nini hasa, nilimweleza polepole. Alisikiliza hadi mwisho. Akacheka akasema mkataba wake na kaunti una kurasa nyingi na haujataja ng'ombe hata mara moja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ugonjwa, "Na hizo ndama?"

Hilo la ndama lilikuwa limeshazua ubishi kijijini. Vijana walisema kazi za kiwandani ndizo ndama, watu wameajiriwa, ng'ombe amezaa. Baba alikataa. Mshahara ni maziwa, alisema, unayanywa asubuhi na jioni kikombe ni kikavu. Ndama ni kitu kinachobaki na miguu yake mwenyewe hata mama yake akiondoka. Akawa kila akienda kuona ng'ombe anauliza kwa upole kama kuna dalili ya mimba. Mwishowe mwekezaji alivuta bomba kutoka kwenye kisima, akaweka mfereji nje ya ua, watu wateke bure. Baba alikwenda akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akatangaza kwamba huyu ni ndama, jike. Mpaka leo mtu akitumwa maji pale kwetu huambiwa aende kwa ndama. Yule mama mjane naye alianza kunyweshea ng'ombe wake hapo, lakini nyasi hakurudisha. Baba alizoea kumsalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, naye alimjibu vizuri, akitazama mabati.

Miaka ya msamaha ilikwenda kama inavyokwenda miaka mingine. Ilipokaribia kwisha, nilianza kuona mambo. Wageni walikuja na kamba za kupimia wakapima mashine. Gogo jipya halikuletwa tena. Nilipowapelekea wageni chai, nilisikia wakisifu kaunti nyingine ya mbali, ambako kiwanja kiko tayari, umeme umefika, na likizo ni mpya kabisa. Huyu bwana alikuwa anachumbiwa tena. Siwezi kusema nilishangaa, kwani tulikuwa tumesoma jambo hilo hilo Kabianga, sura ya mwisho, ile ambayo mwalimu aliipitia haraka kwa sababu muhula ulikuwa umekwisha.

Nilimwambia baba tukiwa tunapalilia. Niliogopa atakasirika. Akaegemea jembe akasema mtunzaji ana haki ya kurudisha ng'ombe akichoka, hilo si kosa. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: anarudisha nini. Kazi yangu hakuiuliza, na nilichukia kidogo, mpaka nilipoona anapalilia mahali alipokwisha kupalilia.

Jioni yake yule mama mjane akafika kwetu. Habari hapa hutembea kwa miguu lakini haipumziki. Alikaribishwa chai, akasema ameshakunywa, jambo ambalo kwetu ni kama kupigwa kofi. Alikaa. Akafungua ncha ya leso, akaweka juu ya meza zile nyasi. Zilikuwa kavu, zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini zilikuwa zote.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi sikuja kudai. Nimekuja kukuonyesha tu kwamba ninazo."

Akazifunga tena, akaaga. Mama alimsindikiza hadi njiani. Nilimwonea baba uchungu sana siku ile. Ningeweza kwenda mwenyewe kuzuia lori la kuhamisha mashine kwa mikono yangu, pamoja na sketi ya mapokezi.

Asubuhi alikwenda kiwandani peke yake, bila kamati. Nilimpeleka ofisini mwenyewe na nikabaki pale, niitwe nisiitwe. Afisa wa kaunti alikuwepo pia, si yule wa kwanza, huyo alikuwa amehamishwa. Juu ya paa vijana walikuwa wameanza kufungua mabati kwa spana, kelele zikishuka mpaka mezani. Mwekezaji alimshika baba mkono kwa mikono miwili. Alimweleza kwamba bei za ng'ambo zimeanguka, kwamba bila msamaha hawezi kupumua, kwamba alijaribu. Sidhani alikuwa anadanganya, ingawa sidhani alikuwa anasema yote. Akamalizia, "Mzee, biashara imekufa."

Baba alitikisa kichwa kama anayepewa pole na kuipokea.

"Ng'ombe ikikufa kwa boma yako," alisema, kwa Kiswahili chake cha barabarani, "unaletea mwenyewe ngozi. Mimi sikatai imekufa. Nauliza tu, ngozi iko wapi?"

Afisa akasema mkataba hauna habari za ngozi. Baba akamwambia anajua, mkataba ni wao, ng'ombe ni wetu. Hakuomba hela. Mashine, alisema, mwekezaji alikuja nazo, hizo ni ng'ombe zake mwenyewe, aondoke nazo salama. Lakini kiwanja kilikuwa na josho, sasa ng'ombe hawaogi, na barabara na maji na umeme vililetwa kwa jina letu. Mtu akiuliza ng'ombe alikwenda wapi, yeye mwenyekiti aonyeshe nini? Mwekezaji alinigeukia kama anayetaka tafsiri, ingawa kila neno alilielewa. Sikutafsiri. Akainua macho kwenye dari, spana zikilia. Kisha akaenda dirishani, akawaita wale vijana, akawaambia washuke, paa linabaki. Na pampu ya kisima inabaki pia. Aliporudi mezani, baba alimpa mkono tena, akamwambia akifika huko kwingine awaambie wazee waje kuona ng'ombe mara kwa mara. Mwekezaji akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na viatu vyake, nikaona, havikuwa vyeupe tena.

Mtu angedhani yameisha. Wapi. Mashine hazijavuka hata Mulot, baraza likaitwa. Afisa alisema kiwanja chenye paa, umeme na maji ni dhahabu, na kaunti imeshapata mwingine wa kumpa, huyu wa kufunga maji ya chupa, naye atahitaji likizo yake. Na kwa kuwa alikuwa amejifunza kule ofisini kwamba kijiji hiki kinashawishika kwa lugha fulani, alianza kwa kujigamba kwamba hii, wazee wangu, ni kimanagan. Alitua angojee makofi.

Kikohozi kikasikika.

"Umesema vizuri," baba akasema. "Lakini kwa kimanagan ng'ombe haitoki kwa mtu ikienda kwa mtu. Inarudi nyumbani kwanza. Inalala kwetu. Tunaangalia meno, tunaangalia kwato. Halafu ndio tunaongea."

Afisa alitazama juu, lakini mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu la kumwokoa. Neno lilikuwa lake, ametoka kulisema mbele ya watu wote. Akasema basi ataenda kushauriana. Anashauriana hadi sasa, na huyo wa maji ya chupa bado anachumbiwa, kwa hiyo sitaki kuwadanganya kwamba tumeshinda chochote. Mimi kazi sina, maziwa yamekatika. Siku za soko nakaa na mama Sigor kwenye gunia, na askari wa kaunti hutukatia risiti mapema kabisa, maana sisi hatujatoka mbali. Mama ameanza tena kuulizia nauli ya Mulot.

Lakini kesho yake baada ya lile baraza, kamati iliingia kiwandani na mafagio. Tuliondoa maganda ya miti, tukang'oa mbao zilizolifunika, na handaki la josho likaonekana, saruji yake nzima, limejaa maji safi ya kulowekea magogo. Mtu angesema lilikuwa linatusubiri, na sasa lina paa la buluu, hakuna josho kama hilo kutoka Sigor hadi Kericho. Dawa ingenunuliwa baadaye. Siku ile ilikuwa ya kujaribu maji tu.

Watu walijipanga nje na ng'ombe zao, na hakuna aliyetangulia. Walikuwa wanangoja. Yule mama mjane alikuja wa mwisho, na watu wakampisha mpaka mbele. Ng'ombe wake wa kwanza, jike mwekundu mwenye pembe moja, alifika ukingoni akagoma. Alinusa mabati, akanusa saruji, akakataa. Baba alikuwa amesimama kando na fimbo yake, hakuitumia.

Yule mama alifungua ncha ya leso. Akatoa zile nyasi, akazitandaza kwenye kiganja, akamnyooshea ng'ombe wake mdomoni mbele yetu sote. Jike akanusa. Akazivuta kwa ulimi, akazitafuna polepole mpaka zikaisha, kisha akaingia majini mwenyewe.

Baba akageuka upande wa pili. Alisema dawa ya josho inamwasha macho. Dawa ilikuwa bado haijatiwa.